Gari la chakula Chicago: vibali vya afya umepata, sasa utapaki wapi? Kisa cha futi 200

Shemeji yangu alinipigia simu usiku ana furaha kweli kweli, ameona gari la chakula linauzwa, limetumika ila lina kila kitu ndani, jiko la gesi, friji mbili, sinki, feni ya kuvuta moshi, na mwenye gari anataka advansi wiki hiyo hiyo. Mpango wake sambusa, mishikaki na chai ya maziwa, katikati ya Chicago, mchana watu wa maofisini wakitoka kula. Nikamwambia shem usitoe hata senti, nipe siku mbili nisome. Siku mbili zikageuka wiki tatu maana nilikutana na kesi moja ambayo sikuweza kuiacha, na nimeona niielezee yote hapa kwa sababu huku Marekani watu wetu wengi, Watanzania, Wakenya, Wakongomani, wana mpango kama wa shemeji na wote wanauliza kitu kimoja tu, vibali vya afya vinapatikanaje. Swali zuri, lazima liulizwe, ila kwenye kesi hii aliyeshindwa alikuwa na vibali vyote.

Kesi yenyewe inaitwa LMP Services dhidi ya Jiji la Chicago. LMP Services ni kampuni ya dada mmoja, Laura Pekarik, aliyeanza mwaka 2011 na gari la kuuza kapkeki, jina la biashara Cupcakes for Courage. Dada yake wa damu alikuwa amepatwa na saratani na biashara ilizaliwa kwenye kipindi hicho cha kumuuguza, sehemu ya mapato ilikuwa inaenda kusaidia mambo ya saratani. Kwa hiyo tunamzungumzia mtu makini, sio mtu wa kukwepa kwepa sheria.

Sasa kwa nini kapkeki? Nadhani hapa ndio inabidi uijue Chicago ya wakati ule. Upepo wa magari ya chakula ulianza kuvuma Los Angeles mwishoni mwa 2008, Roy Choi na wenzake wa Kogi walipotoa taco zenye nyama ya Kikorea na kutangaza Twitter leo tumepaki wapi, watu wanapanga foleni usiku. Miji mingine ikafuata ila Chicago ilikuwa imefungwa, sheria ya jiji ilikuwa hairuhusu kupika ndani ya gari kabisa. Chakula kipikwe kwingine, kifungwe, wewe garini kazi yako kukabidhi tu. Mpishi anayeitwa Matt Maroni alianza kupigia kelele jambo hili 2010 na gari lake la Gaztro-Wagon, akaandika mpaka pendekezo la sheria. Kapkeki zilikuwa zinaingia vizuri kwenye sheria ya zamani kwa sababu unaoka jikoni, unapanga kwenye boksi, unaenda kuuza, hakuna moto garini.

Julai 2012 baraza la jiji chini ya meya Rahm Emanuel likapitisha sheria mpya, kura 44 kwa 1. Watu walishangilia maana kupika garini kukaruhusiwa. Lakini ndani ya sheria hiyo hiyo kulikuwa na vitu vitatu ambavyo vilikuja kuleta kesi. Kuna katazo la tangu 1991 kwamba gari la chakula lisipaki ndani ya futi 200 kutoka mlango wa wateja wa mgahawa, hilo liliachwa kama lilivyo. Faini yake ikapandishwa, dola 1,000 mpaka 2,000 kwa kosa moja. Na kila gari likalazimishwa kufunga kifaa cha GPS kinachotuma mahali lilipo angalau kila dakika tano likiwa kazini, taarifa zinatunzwa na kampuni ya hiyo huduma kwa miezi sita.

Nitarudi kwenye hizo futi, kwanza nimalize upande wa afya maana shemeji alinibana sana hapa na mimi naamini upande huu ni wa haki.

Leseni ni mbili. Ukiwa unauza tu kilichoandaliwa na kufungwa kwingine ni dola 700 kwa miaka miwili, ukiwa unapika humo humo ni dola 1,000 kwa miaka miwili. Hiyo sio hela ya kumzuia mtu. Kazi iko kwenye jiko kuu. Huwezi kupika jikoni kwako nyumbani ukapakia kwenye gari ukaenda kuuza, haijalishi kwako ni pasafi kiasi gani na mke wako anajua kupika kiasi gani, lazima uwe na mkataba na jiko lenye leseni, na gari lirudi pale kila siku kuoshwa, kumwaga maji machafu, kujaza maji safi na kupakia bidhaa. Wengi wakisikia hivyo wanaona ni usumbufu na gharama ya ziada, mi naona ndio akili yenyewe, kwa sababu gari lina tenki dogo, likiisha maji saa saba mchana katikati ya foleni wewe utanawa na nini? Bwana afya anakagua gari kabla hujaanza, anaangalia sinki la kunawa mikono liwe peke yake mbali na yale ya kuoshea vyombo, anaangalia friji, anaangalia kama kuna mtu mwenye cheti cha usalama wa chakula. Ukiwa unapika kwa gesi zimamoto nao wanakuja kuangalia mitungi na mipira.

Halafu joto. Hapa nilimweleza shemeji taratibu maana sisi tuna tabia ya hotpoti. Kanuni za mfano za FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, zinataka chakula cha baridi kikae nyuzi 5 za Selsiasi kushuka chini, cha moto kikae nyuzi 57 kwenda juu, katikati ya hapo ndio wadudu wanazaliana. Sambusa za nyama umezitoa kwenye mafuta saa nne asubuhi umezifunika kwenye hotpoti na taulo, saa nane bwana afya anachomeka kipimajoto kinasoma 48, hizo zinatupwa zote, na hakuna kumwambia afande mbona bado za moto ukishika. Pilau ndio hatari zaidi kuliko watu wanavyodhani, kuna mdudu anaitwa Bacillus cereus mbegu zake hazifi wakati wa kupika wali, zinasubiri wali upoe taratibu juu ya meza ndio ziamke. Ndio maana ukipika pilau jioni kwa ajili ya kesho inatakiwa ishuke kutoka 57 mpaka 21 ndani ya masaa mawili, halafu kutoka 21 mpaka 5 ndani ya masaa manne mengine, na sufuria kubwa la pilau halishuki hivyo hata siku moja usipoligawa kwenye trei nyembamba ukaingiza kwenye friji. Shemeji alinyamaza kidogo akasema aisee, nyumbani tunaiacha juu ya jiko mpaka asubuhi. Najua, wote tumekula hiyo.

Haya yote yanafanyika. Ni makaratasi, ni hela, ni nidhamu, ila mtu akiamua anapita. Pekarik alipita. Kwenye kesi nzima hiyo sijaona mahali ambapo jiji lilisema kapkeki zake zilimuumiza mtu tumbo.

Twende kwenye futi 200 sasa. Ni kama mita 61. Ukisikia hivyo unaona ni kidogo, unasogea tu. Lakini uchukue mlango mmoja wa mgahawa uuchoree duara, mita 61 huku na mita 61 kule, tayari mita 122 za barabara zimeondoka kwa mlango mmoja. Ongeza mlango wa pili, wa tatu, ule wa kahawa kwenye kona. Na neno mgahawa kwenye sheria hiyo ni pana, sio lazima pawe na meza na vitambaa, hata duka dogo linalouza hotidogi na sandwichi lilikuwa linahesabika. Katikati ya jiji, pale wanapopaita Loop, kila hatua chache kuna mlango wa chakula kwa sababu ndipo walipo walaji, na walaji hao hao ndio wewe unaowafuata. Upande wa wenye magari walileta ramani mahakamani wakasema kaskazini mwa Loop asilimia 97 ya kingo za barabara zimefungwa kwao, imebaki 3. Na hiyo 3 usisahau kuna magari ya kawaida yanapaki hapo, kuna vituo vya basi, kuna mabomba ya zimamoto.

Kuna nafuu ambazo jiji lilizitaja. Saa sita usiku mpaka saa nane usiku futi 200 haihesabiki, lakini mtu wa kapkeki au wa chai ya maziwa atamuuzia nani saa hizo mbele ya ofisi zilizofungwa. Jiji likaweka pia vituo maalum vya magari ya chakula ambapo katazo haligusi, ila ni vichache na anayewahi ndiye anayepata. Na popote unapopaki, wakati wa kesi ulikuwa unaruhusiwa masaa mawili tu, sasa wewe unayepika garini uwashe jiko, upashe mafuta, uuze, ufunge, uondoke, hapo muda wa kuuza kwa kweli unabaki saa na kitu.

Novemba 2012 Pekarik akaenda mahakamani, akisaidiwa na mawakili wa Institute for Justice ambao wamejikita kwenye kesi za wafanyabiashara wadogo namna hii. Hakuwa peke yake mwanzoni, kulikuwa na wenye gari la Schnitzel King, hao biashara yao ilifungwa kesi ikiwa bado inaendelea. Hoja zao zilikuwa mbili. Ya kwanza, jiji halina haki ya kutumia sheria kumlinda mfanyabiashara mmoja dhidi ya mwingine, na walikuwa na kesi ya zamani ya 1960 ya kijiji cha Lombard, hapo hapo Illinois, iliyohusu umbali kati ya vituo vya mafuta, mahakama ikaiangusha sheria ile. Ya pili, GPS ni upekuzi, serikali inamfuatilia mtu kila dakika tano bila kibali cha hakimu.

Desemba 2016 mahakama ya kwanza ikasema jiji liko sawa. Desemba 2017 mahakama ya rufaa ikasema hivyo hivyo. Tarehe 23 Mei 2019 Mahakama ya Juu ya Illinois ikamaliza, majaji wote walioshiriki wakawa upande wa jiji.

Sababu zao nilizisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilikasirika nikawa siwasikilizi. Mahakama haikujiuliza kama sheria ni nzuri au mbaya. Kwenye mambo ya biashara wanatumia kipimo chepesi kabisa, je kuna sababu yoyote inayoeleweka ya serikali kuweka sheria hii, ikiwepo basi imepita, hata kama wewe na mimi tungefanya tofauti. Na jiji lilikuwa na sababu. Migahawa imekaa sehemu moja, inalipa kodi ya majengo, mtaa wenye migahawa unatulia na kukua, gari la chakula leo lipo hapa kesho lipo kwingine. Jiji likaongeza kwamba foleni za garini zinajaza njia za waenda kwa miguu, na kwamba katazo linasukuma magari yaende mitaa isiyo na sehemu za kula. Kesi ya Lombard wakasema haifanani na hii.

Mi hapa sikubaliani na nasema wazi. Foleni kwenye njia ya miguu ni tatizo la kweli, lakini hilo unalipima kwa upana wa njia, sio kwa umbali kutoka mlango wa mgahawa. Gari likiwa mita 65 kutoka mgahawani kwenye njia nyembamba ni halali, likiwa mita 50 kwenye uwanja mpana ni faini ya dola elfu. Kwa hiyo inayobaki ni ile ya kwanza, kulinda migahawa, na wakati sheria inatungwa mmoja wa madiwani wenye sauti kubwa kwenye mjadala huo, Tom Tunney, mwenyewe alikuwa na migahawa ya Ann Sather. Simsemi vibaya, mwenye mgahawa naye ana haki ya kulalamika, analipa kodi ya pango mwaka mzima hata theluji ikiwa magotini halafu anakuja mtu na magurudumu siku ya jua anachukua wateja wa mchana. Wenye maduka Kariakoo walikuwa wanalia kilio hicho hicho kuhusu meza za machinga mbele ya milango yao. Kilio kina ukweli. Ila kumsikiliza ni kitu kimoja, kufunga barabara karibu yote kwa ajili yake ni kitu kingine.

Kwenye GPS lakini nimebadilisha mawazo. Mwanzoni nilikuwa upande wa Pekarik kabisa. Mahakama ikasema sio upekuzi, kwanza jiji halikwenda kubandika kifaa kwenye gari la mtu kwa siri, ni sharti la leseni na mwenye gari anakifunga mwenyewe, na pili mgahawa una anwani ila gari halina, watu wakianza kutapika leo jioni bwana afya atalitafuta wapi? Hapo nikakumbuka ile pilau. Kama wateja wamekula wali mbovu saa saba, hayo masaa machache ya kuwahi kulisimamisha gari kabla halijauza tena ndio yenye maana. Hiyo ni sababu ya afya ya kweli, ningeikubali hata ningekuwa mwenye gari. Kinachonisumbua ni kwamba kwenye kesi ilijulikana jiji halikuwa limewahi kuziomba hizo taarifa kutoka kampuni yoyote, na kitu kikishakuwepo kinaweza kutumika kukamatia futi 200 badala ya kuokoa matumbo ya watu. Ningependa sheria iseme bayana taarifa za GPS ni za mambo ya afya tu.

Usidhani kila mji uko hivi. El Paso kule Texas walikuwa na futi 1,000, waliposhtakiwa 2011 wakafuta wenyewe mwaka huo huo. San Antonio walikuwa na futi 300, wakafuta 2015. Louisville nao wakaondoa ya kwao 2018. Lakini Baltimore walikuwa na futi 300, wakashtakiwa, wakapambana mpaka mahakama ya juu ya Maryland na 2020 jiji likashinda. Ukiziangalia vizuri, miji iliyofuta ilifuta yenyewe kwa kubanwa, ila hizi mbili zilizopelekwa mpaka ngazi ya juu, Chicago na Baltimore, mwenye gari alipoteza. Kwa mtu wa kawaida hilo lina maana kubwa, anayekupangia pa kupaki ni diwani, usiweke akiba yako kwa kutegemea hakimu atakuja kukuokoa. Pekarik kesi ilimchukua zaidi ya miaka sita na mawakili hakuwalipa yeye. Na duka lake la keki alilifungua Elmhurst, mji mwingine kabisa nje ya Chicago, kwa hiyo kodi ile ya majengo ambayo jiji lilisema linaipenda sana ikaenda kwa jirani.

Nilivyomaliza kusoma nikampigia shemeji nikamwambia tukutane Jumamosi. Tulienda na lile gurudumu la kupimia wanalotumia mafundi wa barabara, tulilikodi, tukachagua mitaa minne aliyokuwa anaipigia hesabu. Ukiachana na watu kutushangaa ilikuwa kazi rahisi, unasimama mlangoni unasukuma mpaka isome 200. Mtaa wa kwanza hatukupata hata nafasi ya baiskeli. Wa pili tukapata kipande ila ni kituo cha basi. Wa tatu hakuna. Wa nne, mbali kidogo na maofisi, karibu na hospitali, tulipata kama urefu wa magari mawili, upande mmoja tu, na mlinzi wa pale akatuambia duka lililofungwa pale kona linatengenezwa, linakuja kuwa la kahawa.

Shemeji alisimama akaliangalia lile duka muda mrefu. Jioni akampigia mwenye gari akamwambia advansi bado. Jumatatu akaanza kuzungukia majiko yenye leseni kuuliza bei za kukodi kwa saa, akawa anapiga na viwanda vya nje ya mji vyenye maegesho yao wenyewe kuuliza wafanyakazi wao wanakula wapi mchana. Viwili vilimjibu njoo tuongee. Kimoja kiko kwenye mji mdogo wenye sheria zake tofauti na za Chicago, amenitumia hiyo sheria jana usiku, kurasa 14, ndio naanza kuisoma.